Jibu la "Hawapo"

Ofisi yetu ya Voi, juu ya duka la vipuri, imekuwa kimya tangu Wanza aondoke. Alipokagua programu ya mwenzake aliisoma kwa sauti ya chini, kama anayesali rozari, na akifika penye kosa alicheka. Tulikiogopa kicheko kile. Sasa tunakitamani.

Tuliunda hifadhidata inayopokea habari za ndovu waliovishwa mikanda ya ishara shingoni. Mkulima wa kijiji cha Rukanga, chini ya mlima Kasigau, hutuma ujumbe kuuliza kama ndovu wako karibu, naye hujibiwa. Ila majibu yalichelewa mno. Basi Derrick, mdogo wetu ofisini, akaleta badiliko: jibu likishatolewa, likae kwenye kache, yaani hifadhi ya muda, kwa robo saa, na anayeuliza tena apewe lilelile papo hapo. Kasi ilipanda ajabu. Ilibaki Wanza akubali tu.

Akasoma, akacheka.

"Dada Wanza, usianze!" Derrick alilalamika.

"Jibu la 'wapo' liweke, mdogo wangu. Likichakaa, mtu atakaa ndani bure, basi. La 'hawapo' usiliweke. Mtu akiambiwa hawapo, anachukua ndoo anatoka."

"Lakini karibu majibu yote ni 'hawapo'! Ukiyaondoa nabaki na nini?"

"Na watu walio hai."

"Ndovu gani huyo wa kufika shambani kwa robo saa?"

"Aliyenusa mahindi. Wewe ni mtu wa Mghange, huko milimani kwenu mnaibiwa na nyani."

Tulicheka sote, Derrick akanuna. Kesho yake alirudi na dawa: kila ishara mpya ya ndovu ifute jibu la zamani. Wanza alimpigia makofi, kwa moyo mweupe kabisa. Kisha akauliza, "Na mkanda ukinyamaza?"

Maana nyuma ya mlima Kasigau ishara hupotea, na ndovu hawapotei.

"Basi programu iseme haijui," Derrick alijibu polepole.

"Sawa. Na huyo mama mwenye ndoo, tukimwambia hatujui, amuulize nani?"

Wanza alilipitisha badiliko, likiwa na "hatujui" ndani yake, lakini hakutulia. Alisumbua wakubwa mpaka antena ya kunasa ishara ikasimamishwa upande ule wa mlima, na walipouliza nani atakubali kwenda kuitunza, alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

Siku hizi Wanza anaishi Rukanga, katika chumba cha kupanga, na antena inafanya kazi.