Neno Alilolichagua Baba

Shangazi yangu hana adui duniani ila mimi, na sababu ninayo.

Kazi yake ni kutafsiri matangazo ya kiwanda cha nguo. Wakubwa wanaandika Kiingereza, yeye anageuza Kiswahili, yanabandikwa getini wafanyakazi wasome. Ofisi yake zamani ilikuwa stoo ya nyuzi. Ina meza, feni mbovu na kamusi iliyoshikiliwa na selotepu. Lakini kamusi yake hasa alikuwa baba yangu, kaka yake, fundi wa mashine za kufuma, aliyeacha shule darasa la sita ili yeye aendelee kusoma. Saa saba mchana Baba akija pale kula, Shangazi alimsomea maneno. Neno likimfanya akunje uso, alilifuta bila ubishi. Baba alijiona profesa, nasi nyumbani tulimtania mpaka basi.

Siku hiyo kazi ilikuwa kwenye neno "release". Wenye lugha yao wanalitumia kwa mfungwa anayetoka jela, kwa breki inayoachiwa, kwa wimbo mpya unaotoka, na kwa mtu anayetimuliwa kazini. Hapa walikuwa wanatimuliwa watu. Shangazi akajaribu kufukuzwa, Baba akakunja uso. Kuachishwa, akakunja tena. Kupunguzwa, akasema watu si maji ya kupunguzwa sufuriani. Kuachiliwa, akacheka, akauliza kwani nani alikuwa amewakamata.

"Weka kupumzishwa, dada," alisema huku akinawa mikono. "Habari yenyewe mbaya. Angalau tusiwatie watu kidonda juu ya kidonda."

Shangazi akaandika. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeleta chakula, na nilimwona akiifunika karatasi ya pili kwa kiganja. Sikuuliza. Mpaka leo najilaumu.

Kesho yake asubuhi tangazo likabandikwa: wafuatao wamepumzishwa kazi kuanzia leo. Jina la Baba lilikuwa la nne. Miaka ishirini na miwili kwenye mashine zile, sikio la kushoto limekufa kwa kelele zake, halafu anatupwa nje kwa neno alilolichagua mwenyewe akitafuna!

Wenzake walimpa pole. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaenda moja kwa moja stoo. Nikamfuata. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya meza, macho mekundu.

"Jana ulikuwa unajua?" Baba aliuliza.

Shangazi akasema alikatazwa kutoa majina. Akasema angefungua mdomo, na kibarua chake kingeota nyasi. Akasema mengi, na Baba alimsikiliza yote, sikio lake zima limeelekea kwake. Mwishowe Shangazi akasema taratibu, vile vile anavyosoma maneno kila siku:

"Nilitaka kukulinda, kaka."

Baba akakunja uso.