Kitabu Nilichompa Adhiambo

Kuna Jumamosi moja bado ninayo moyoni, mwanangu, na kwa kuwa umeniuliza uanze na kitabu kipi cha falsafa, acha nikusimulie.

Nilikuwa mwalimu kijana huko Masara, kwenye machimbo ya dhahabu. Adhiambo, msichana aliyemaliza kidato cha nne na sasa akimsaidia mamake kuosha mchanga wa dhahabu, alinijia na swali. Kakake alikuwa amefukiwa shimoni mwaka uliotangulia.

"Mwalimu, mtu akifa kwa kazi aliyoichagua kwa sababu ya njaa, kweli aliichagua?"

Nikamwambia hiyo ndiyo falsafa, nikampa kitabu kinene kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nitakuambia ukweli: nilitaka anione msomi.

Baada ya wiki mbili alikirudisha, amekifunga kwa leso kisichafuke. "Asante, Mwalimu. Kumbe mimi sina kichwa cha mambo haya."

Kesho yake akaja mamake. Alisimama mlangoni, mikono ingali na tope.

"Hicho kitabu, wewe mwenyewe ulikisoma?"

"Nilifika katikati, Mama."

"Ukaelewa?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Basi mbona mtoto wangu ndiye anajiita mjinga?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwao na kijitabu chembamba ambamo watu wawili wanabishana kama mtu aweza kulaumiwa kwa jambo alilolazimika kulifanya. Tulisoma pamoja, polepole. Ukurasa wa nne Adhiambo akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa huyu amekosea," akasema, akanieleza kwa nini.

Mamake, ambaye hakujua kusoma, aliweka karai chini. "Hebu rudia hapo," akasema.

Siku hizi Adhiambo ndiye hunipigia simu tubishane.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na kitabu cha kuonyesha watu. Tafuta chembamba, chenye lugha unayoielewa, kinachouliza jambo ambalo tayari linakunyima raha. Ukiona mwandishi amekosea, mwambie pale pale; hapo ndipo umeanza. Kikikushinda kiweke kando bila kujidharau, maana hata sisi walimu tunavyo vya kutushinda. Na usome na mtu, kama yupo.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe akili tulivu, mwanangu, na asikunyime mtu wa kukusikiliza.