Mama Futi na Pateni ya Kadi

Niseme ukweli mapema: mimi ni fundi kompyuta na sipendi kuulizwa maswali. Mtu akileta mashine, aiache, aende zake, arudi siku niliyomwambia. Nimefanya kazi hivyo miaka kumi na miwili na wateja wamenizoea, isipokuwa mmoja. Huyo ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haijawahi kumtoka shingoni. Nimemwona nayo hata msibani.

Jumatatu moja aliingia kwangu amekumbatia kasha la kompyuta lililofungwa kwa kipande cha pazia. Akalitua mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Fundi, gari langu halipandi mlima," akasema.

Nilijua anachosema, maana habari za gari hilo nilikuwa nimeshazisikia kupitia ukutani. Kompyuta iliachwa na binti yake wa pekee, aliyekwenda ng'ambo kutunza wazee wa watu. Aliacha pia usukani wa kuchezea wenye pedeli zake, na gemu la malori. Kwenye simu binti yule ni mgumu kama nini. "Mzima, mama. Kazi nzuri, mama. Sawa, mama." Dakika tatu, kwisha habari. Lakini Jumapili moja alimshawishi mama yake ajaribu lile gemu, mmoja huku na mwingine kule, malori mawili kwenye barabara moja, na sauti zao masikioni. Ajabu ni kwamba hapo mdomo ulifunguka. Macho yakiwa barabarani, mtoto alisimulia baridi ya kule, chumba chake, na yule bibi anayemwogesha kila asubuhi, ambaye humwita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani.

Basi Mama Futi akawa dereva. Tena dereva hodari, kwa sababu mguu uliokanyaga pedeli ya cherehani miaka thelathini haukanyagi mafuta ovyo. Kila Jumapili mchana walisafirisha mbao, saruji na matrekta, na huku wakisafirisha walizungumza.

Halafu gemu likatolewa toleo jipya, na kompyuta ikashindwa. Picha zikawa zinaruka. Lori la mama lilikuwa linaganda katikati ya barabara, na likizinduka limeshaingia mtaroni. Binti anasimama kando kumngoja, anangoja, anangoja. Mwisho akasema, "Mama, tuache tu, unajichosha bure. Nitakuwa napiga simu."

Mama Futi alinieleza hayo akiwa ameshika ncha mbili za futi yake kwa mikono yote miwili.

"Akirudi kwenye simu nimempoteza, fundi. Nataka hii ipone kabla ya Jumapili."

Nikampa jawabu langu la siku zote: abadilishe prosesa, ule ubongo wa mashine, na bodi inayoibeba. Na hapa nitubu. Bodi na prosesa hizo zilikuwa kwenye rafu yangu miezi saba zikila vumbi, na nilikuwa natafuta wa kumbebesha.

Mama Futi hakukataa. Aliuliza tu, "Inabana wapi?"

"Inabana nini?"

"Mteja akiniambia gauni linambana, sikimbilii kushona jipya. Namvalisha, namwambia ainue mikono. Huenda ni kwapa tu. Wewe hii umeivalisha?"

Nilichukia, sifichi. Nikaiwasha kwa hasira ili nimwoneshe. Nikafungua gemu, na pembeni yake nikafungua ule ukurasa unaoonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani. Mama Futi akavaa miwani akasogeza kigoda. Prosesa ilikuwa inatumia nusu tu ya nguvu zake, wala haina habari. Ram, kumbukumbu ya muda ya mashine, ilikuwa imejaa pomoni. Diski ya zamani ilikuwa inakwaruza bila kupumzika. Na kadi ya picha, ile inayochora kila unachokiona kwenye skrini, ilikuwa imefika mia kwa mia na feni yake inalia.

"Kwapa ni hili, na hili, na hili," akasema, akigusa skrini kwa kidole chenye chaki. "Hiyo prosesa yako muuzie mwenye shida nayo."

Nikazima mashine, nikachukua karatasi ya kuandika vya kununua.

Fedha alizokuwa nazo ni zile alizokuwa akiziweka ili anunue mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke, ambayo aliingoja miaka mitatu. Hakulalamika wala hakulitolea hotuba jambo hilo. Alisema ovaloki itangoja, binti hangoji, basi. Siku tatu zilizofuata alifunga duka saa nane mchana, tukazunguka pamoja kwenye maduka ya vifaa, na mimi nikajifunza kununua upya. Wauzaji wamezoea kuulizwa bei. Yeye aliuliza kwanza, "Inakula umeme kiasi gani?" Kisha akatoa futi, akapima. Ram alichukua mbili zilizotumika, za jamii moja, baada ya kumfanya muuzaji azijaribu zote mbili mbele yake. Diski alichukua mpya, ile nyembamba isiyo na kelele, ndogo ya kutosha gemu na mengine machache. Muuzaji mmoja alimwuliza kama ni ya mjukuu. "Ni yangu," akajibu, "na usinipunguzie heshima, nipunguzie bei."

Tulipofika kwenye saplai ya umeme tuligombana. Mimi nilitaka achukue ya bei ya chini, maana ni boksi linalokaa gizani na hakuna anayelitazama.

"Uzi nao hautazamwi," akasema. "Lakini mshono ukiachia mteja yuko mbele za watu, utaniambia nini?"

Akachukua nzuri, yenye dhamana. Alikuwa sahihi tena, na kwa kazi yangu nilipaswa kulijua hilo bila kuambiwa na fundi wa magauni.

Ikabaki kadi ya picha. Hapo ndipo Mama Futi alipofanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi yeyote. Alipima kadi tatu madukani, urefu, upana na unene, akarudi kwake akachukua karatasi za kaki anazokatia pateni za nguo, akakata pateni za kadi. Aliziandika kwa chaki: fupi, wastani, ndefu. Kisha akaja kwangu kuzivalisha kasha moja moja. Nilicheka mpaka nikaegemea rafu.

Mimi nilikuwa nimeshaipenda ile ndefu, yenye feni tatu, iliyotumika lakini ina nguvu, kwa bei ya kadi dhaifu. Mama Futi aliingiza pateni yake, ikagonga kichanja cha chuma kinachoshikilia diski.

"Fundi, haiingii."

"Itaingia."

"Imezidi vidole vitatu."

"Mama Futi, hayo ni makaratasi. Chuma nakijua mimi."

Akanitazama juu ya miwani, kisha akakunja pateni yake vizuri. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Ijumaa nikaenda kununua kadi ile kwa fedha zake, katika duka lenye tangazo kubwa ukutani kwamba kilichouzwa hakirudi. Jumamosi asubuhi tukakaa kuifunga. Haikuingia. Nikaijaribu kwa kulia, kwa kushoto, kwa kuinamisha, kwa bismillahi. Jasho likanitoka. Ilizidi vidole vitatu, si viwili wala vinne. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie na bisibisi yangu. Mama wa watu alikuwa ameniamini, fedha zilikuwa zimekwisha, na Jumapili ilikuwa kesho.

Nikakaa kungoja matusi, maana nilistahili. Mama Futi akavuta kigoda.

"Niliwahi kukata sketi ya bibi harusi ikawa fupi, kesho yake ndiyo harusi," akasema. "Nililia dakika tano. Wewe umeshalia?"

"Bado."

"Lia upesi, tuna kazi."

Akachukua tochi, akamulika ndani ya kasha. "Hiki kichanja kinashika nini?"

"Diski ya zamani."

"Si ndiyo tunayoitoa?"

"Ndiyo."

"Sasa kinakaa humo kufanya nini?"

"Kimepigwa ribiti, Mama. Hakikufungwa kwa skrubu. Hakitoki."

"Kimeshonwa, unataka kusema. Lete drili."

Tulitoa kila kitu ndani ya kasha ili vumbi la chuma lisiguse kifaa. Kisha akafumua. Sina neno jingine la kusema. Ribiti zilikuwa nane, na alizitoboa moja baada ya moja bila papara, mdomo umekaza, vilevile anavyofumua pindo la suruali ya mtu bila kugusa kitambaa. Mimi ningekuwa nimeshalipasua kasha. Kichanja kilipotoka, alilisafisha kasha kwa ile brashi anayotolea manyoya kwenye cherehani, akapitisha kidole kwenye kingo zilizobaki, akaziona kali, akazibandika utepe nyaya zisije zikakatwa. Ile diski mpya, nyepesi kama kitana, aliiweka sakafuni mwa kasha kwa utepe wa kunata.

Kadi ikaingia ikakaa. Tulipowasha, lori lilitokea kwenye skrini linang'aa, na barabara ikatiririka bila kukwama hata mara moja. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti vya kujaza ukuta, na namheshimu mama huyu kuliko wote. Nilimwomba radhi. Akaniambia nimrudishie pateni zake, karatasi hazitupwi.

Jumapili mchana alinitaka niwepo, ikiwa kitu kitakorofisha. Sebule yake ni ndogo. Cherehani iko dirishani, kompyuta iko kando yake, na chini kulikuwa na rundo la sare za shule zinazongoja vifungo. Sauti ya binti ilitoka kwenye spika, ya kuchoka.

"Mama, tujaribu kidogo tu, ikigoma tuache."

"Fundi yuko hapa, msalimie."

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," nikaitika.

Wakaondoka na mzigo wa mbao. Nikasikiliza feni, nikagusa kasha, halina joto la kutisha. Dakika kumi zikapita, ishirini, hakuna kilichoganda.

"Mama, uko wapi?"

"Nyuma yako."

"Subiri... Mama! Nakuona kwenye kioo! Taa zako zote mbili!"

Mama Futi akautuliza mguu juu ya pedeli. Nikaona kazi yangu imekwisha, nikaaga, nikaenda mlangoni kuvaa viatu. Nyuma yangu malori yalikuwa yananguruma.

"Mama."

"Naam."

"Yule bibi yangu amefariki. Jumatano."

"Ulinipigia Alhamisi," mama akasema taratibu. "Ulisema hamjambo wote."

"Kwenye simu nilishindwa."

"Basi niambie sasa. Punguza mwendo, mbele kuna kona."

Akamwambia. Nilisikia analia na anaendesha, na mama anaitikia "mm" na "naam" na kona ikija anamtajia. Kamba za viatu vyangu zilikuwa zimeshafungwa, nikazifungua nikazifunga tena, Mungu anisamehe. Mwishowe wakafika, wakashusha mbao. Hapo ndipo siku zote walipokuwa wakiagana.

"Mama, una kazi?"

Nilizitazama zile sare. Zilikuwa kumi na nne, na mwenye shule alikuwa anazifuata kesho asubuhi.

"Sina," akasema Mama Futi.

"Tupakie mzigo mwingine?"

"Pakia."