Darasa Lililokataa Kuniitikia

Nilipohamishiwa shule ya kutwa iliyo juu ya soko la Nyaramba, nilidhani baridi ndiyo itakayonishinda. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa, kwenye jua na vumbi, na huko milimani ukungu huingia darasani asubuhi kama mwanafunzi aliyechelewa. Baridi niliizoea. Kilichonishinda ni Kidato cha Tatu.

Hawakuwa wahuni, ingawa katika chumba cha walimu waliitwa majina ya kila aina. Hawakunitukana wala hawakupigana. Walininyamazia tu. Niliuliza swali kuhusu shairi, nikangoja, na vichwa vyote vikainama. Nikigeuka kuandika ubaoni, mtu alitupa neno la Ekegusii kutoka nyuma na darasa zima likaangua kicheko. Nikiwageukia, kimya. Sikuijua lugha yao, na walijua kwamba siijui.

Aliyeongoza vicheko hivyo alikuwa msichana mrefu wa dawati la nyuma, karibu na dirisha. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa majani chai, kwa maana alichuma kabla ya kuja shuleni. Siku moja nilimwomba asome aya moja. Akasimama, akakitazama kitabu, akasema, "Madam, hii Kiswahili ni ya watu wa Pwani. Sisi tunaongea ile ya soko." Wenzake wakacheka. Akaketi.

Nilijaribu vitendawili, nikajaribu michezo ya kuigiza. Niliwaomba walete hadithi za nyumbani kwa lugha yao, tuzigeuze pamoja ziwe Kiswahili. Hakuna aliyeleta. Mwenzangu mmoja aliyekaribia kustaafu aliniona nimeinamia meza akaniambia, "Dada yangu, utazeeka kabla ya siku zako. Fundisha wanaotaka, maliza silabasi, nenda nyumbani."

Jioni, katika chumba changu cha kupanga, nilichemsha chai nikaikumbuka shule yangu ya kwanza kule ziwani, ambako watoto walijibu hata kabla sijamaliza kuuliza, wakipiga vidole na kuita, "Mimi, Mwalimu! Mimi!" Zamani kelele hizo zilinichosha. Sasa nilizitamani kama mtu anavyotamani chakula cha kwao. Nikaomba uhamisho.

Kisha ikanyesha mvua ya mawe. Ilianza mchana, katikati ya somo langu, na mabati yakapiga mayowe hata sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Wanafunzi waliondoka madawatini bila ruhusa wakajaa madirishani. Nilidhani ni utundu. Lakini hakuna aliyecheka. Walisimama wakitazama mteremko wa ng'ambo ya bonde, na ilinichukua muda kuelewa kwamba kila mmoja alikuwa akiliangalia shamba la kwao.

Kesho yake dawati la nyuma lilikuwa tupu. Siku iliyofuata pia. Baada ya masomo nikauliza njia, nikaenda.

Nilimkuta yeye na bibi yake wakiwa shambani. Michai ilikuwa imebaki vijiti, na majani ya migomba yamechanika kama matambara. Bibi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akazungumza kwa muda mrefu. Nilimtazama msichana. Alisita, kisha akasema, "Anasema karibu, na pole kwa kupanda mlima. Anasema chai imepigwa lakini mizizi ni mzima, itachipua. Shida ni vile watu watakula wakingojea."

Nikauliza shamba lilipandwa lini. Bibi akaweka kikapu chini, akaanza kusimulia, naye msichana akatafsiri, na Kiswahili chake kikatoka kirefu, hakina haraka, kikipanda na kushuka pamoja na sauti ya bibi. Alipokwama aliniuliza.

"Madam, kile kimti kidogo, kabla ya kukipanda, kinaitwaje?"

"Mche."

"Basi yeye na babu walibeba miche kwa kichwa kutoka upande wa Marani. Babu akiimba. Anasema babu aliimba vibaya sana."

Tulicheka sote watatu. Kisha bibi akauliza jambo, na msichana hakulitafsiri.

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama mimi huongea darasani."

"Mwambie bado naingoja sauti yako."

Alimwambia bibi maneno machache. Bibi akacheka, akanipigapiga mkono. Mpaka leo sijui aliambiwa nini.

Wiki iliyofuata alirudi shuleni, akakaa palepale pa zamani. Darasa halikubadilika kwa siku moja. Wengi waliendelea kuinama. Lakini kicheko cha nyuma ya mgongo wangu kilikoma, na asubuhi moja alisimama bila kuitwa akasoma ukurasa mzima. Ngeli zilimponyoka hapa na pale. Sikumrekebisha. Nilisimama kando ya mlango nikasikiliza.

Tulifunga shule mwezi wa nane. Tulipofungua, hakuja. Mwenzake aliniambia amepelekwa kwa shangazi yake Marani, kulea mtoto mchanga. Nikaenda tena kwa bibi. Safari hii hapakuwa na wa kututafsiria. Alinipakulia ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, tukala tukitazamana, naye akawa anaongea polepole kana kwamba upole ungenisaidia kuelewa. Nilichokisikia ni jina la mjukuu wake, tena na tena.

Siku ya soko nilikwenda Marani nikaulizauliza. Shangazi alikuwa amehamia Kisii mjini, hakuna aliyejua ni mtaa gani.

Uhamisho ulipopatikana hatimaye, nilimwambia mkuu wa shule kwamba bado nitakaa kidogo. Sikuweza kumweleza sababu. Nina Kidato cha Tatu kingine sasa, nacho kinaninyamazia vilevile, na ziko siku ninazotoka humo nimechoka hata mkono wa kubeba chaki sina. Nikienda Kisii kununua mahitaji, nikimwona kwa nyuma msichana mrefu amebeba mtoto, mimi huvuka barabara kumfuata bila kutazama pikipiki. Akigeuka huwa ni mtu mwingine. Basi humsalimu, humsifu mtoto, na kusimama naye muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili.