Pudini ya Kitambaa ya Mzee Angus

Sikwenda Fairfield kutembea. Mama Neema, rafiki yangu wa kanisani aliyetoka Bukavu, alinipigia simu akisema mzee anayemtunza, Mskoti aitwaye Angus, amegoma kula, na hiyo ilikuwa siku ya nne. Kitu pekee alichokitaja ni pudini ya mama yake, ile ya kuchemshwa ndani ya kitambaa. Binti wa mzee alikuwa ameacha karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Mama Neema Kiingereza cha kuongea anacho, cha kusoma ni taabu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kituo cha Rooty Hill. Ilikuwa Julai 2014, katikati ya kipupwe cha huku ughaibuni, baridi ya kukata masikio, na mkobani nilibeba zabibu kavu, mdalasini na mafuta ya ng'ombe. Nilibadilisha treni Blacktown, tukapita Seven Hills na maghala yake, njia nzima nikijipa moyo. Mimi mtu wa Nyeri, kwetu kila kitu huchemshwa. Ningeshindwaje?

Saa nne, jikoni kwa mzee. Yeye alikuwa chumbani, amegeukia ukuta. Nilisoma kwa sauti, Mama Neema akakanda unga na zabibu. Tulilowesha kitambaa kwa maji ya moto, tukakinyunyizia unga, tukaweka donge katikati. Karatasi ilisema tufunge tukiacha nafasi. Mama Neema akacheka. Tangu utoto amefunga chikwange, muhogo ule wa kuchemsha ndani ya majani.

"Dada, funga nguvu. Maji isiingie."

Nami nikavuta kamba kwa meno, tukalitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka.

Saa saba kitambaa kilipasuka. Donge lilikuwa limevimba likakosa pa kwenda, na nusu yake ikamwagika sufuriani. Mama Neema aliketi akalia. Niliona aibu, maana karatasi niliisoma mimi.

Nusu iliyobaki tuliikausha mbele ya hita mpaka ikafanya ngozi, tukampelekea mzee chumbani. Aligeuka kutoka ukutani. Akaonja pale penye ngozi, akaongeza kijiko, kisha akauliza nani alifunga. Mama Neema akainua mkono kama mwanafunzi, ingawa kamba niliivuta mimi.

"Kesho legeza kamba," mzee akamwambia.

Saa kumi Mama Neema alinisindikiza kituoni. Nimejifunza kwamba unga na zabibu huhitaji nafasi ya kuvimba, na sitasahau. Lakini yeye hakuwa na habari na pudini tena. Treni ilipoingia alinishika mkono.

"Umesikia, dada? Amesema kesho."

Nilikuwa nimesikia.