Jina Alilopewa Mchawi

Kutoka Mbeya hadi Balangdalalu nilisafiri siku kadhaa, sehemu kubwa juu ya lori la viazi, na siku niliyoshuka ndiyo niliyoanza kazi. Bosi wa kibanda cha video alinikabidhi maiki hata vumbi sijajifuta.

Nyie vijana mnaotazama filamu kwenye simu hamkuikuta kazi hii. Filamu ilikuja na lugha ya kigeni. Mtafsiri alipunguza sauti ya filamu, akasema yeye kwa Kiswahili, papo hapo, akishindana na jenereta. Tulifuata minada ya mifugo, Katesh mpaka Maretadu kule Mbulu.

"Lugha yao unaijua?" Bosi aliniuliza.

"Hapana."

"Hata mimi. Tazama midomo. Ila shika hili: mchawi awe mama. Baba akiwa mchawi watu wanasinzia. Na mama mwenye mali ndiyo kabisa!"

Siku moja ya mnada alichukua maiki mwenyewe. Alipotokea kikongwe mchawi, akamwita Mama Gidamis. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mama Gidamis walimjua: mjane wa palepale Balangdalalu, mwenye ng'ombe wengi, asiyeomba ruhusa ya mwanamume kuuza hata mmoja.

Mnada uliofuata hakuna aliyecheka. Ndama wa jirani wa Mama Gidamis alikuwa amekufa, na kwenye nyama choma nikawasikia wanaume wakisema amemroga, nyumba yake ichomwe, "kama kwenye video."

Kesho yake wanawake wakaja na fimbo zao, wakaketi mlangoni kwetu. Wanawake wa Kibarbaigi wana baraza lao. Mwanamume akiwadhalilisha, wao ndio wanaomhukumu, na laana yao haichezewi. Mama Gidamis alikuwa katikati.

"Shikamooni, mama zangu," nikasema.

"Marahaba. Mwite mkubwa wako."

Bosi akatoka akijichekesha. "Mama, ulikuwa utani tu."

"Utani?" Mama Gidamis akasema. "Nalala zizini na ng'ombe, nisije kuungua ndani. Haya, cheka."

Hakucheka. Baraza likamtoza dume la ng'ombe, likaamuru filamu ionyeshwe tena, wale wanaume wakae mbele. Ilipofika pale kikongwe anafungwa ili achomwe, Bosi aliweka maiki chini. Nikapandisha sauti ya filamu. Ndipo tukamsikia yule mama wa kwenye filamu mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Lugha hatukuijua, lakini alikuwa anawaomba.

"Kumbe analia," mwanamume mmoja akasema.

Nyumba ya Mama Gidamis haikuguswa. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, mikoa mingi, na hakuna chombo ninachokiogopa kama maiki.

Wiki hiyo nilifunga mzigo, nisirudi tena. Nikiwa Katesh nangoja basi la Singida, nikasikia spika ya kibanda kingine. Mtafsiri alikuwa amemfikia mchawi, akampa jina la mama fulani, watu wakacheka mpaka kupiga makofi. Jina lile sikulijua. Nikawatazama akina mama waliokuwa sokoni wakichagua vitunguu, wakinunua chumvi. Huenda mwenye jina lile alikuwa mmoja wao, na alikuwa hajajua bado.