Sauti ya Pili

Kila Jumapili mchana redio moja hapa Mwanza hupiga nyimbo za zamani, na hukosi kuusikia ule wa miaka ya sitini, wa bendi iliyovuma kwa wimbo mmoja tu kisha ikapotea. Watu wa rika langu wote wanaujua. Wanajua pia kosa lake: kwenye kiitikio, sauti ya mwanamke inaingia kabla gitaa halijamaliza, na wanaume wanabaki kumkimbiza. Walirekodi mara moja, muda ukawaishia, kosa likabaki. Watu wakalipenda kuliko wimbo wenyewe.

Shangazi yangu alikuwa akisema sauti ile ni yake. Alisema akigeuza dagaa juani, alisema akimenya viazi, nasi tulicheka. Mtangazaji alitaja wanaume watano, mwanamke hakumtaja. Mimi nilikuwa mjuaji kuliko wote. Nilimwuliza, "Na gitaa nalo ulipiga wewe, Shangazi?"

Baadaye nikawa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Kisesa, mkali kupita kiasi. Shangazi aliimba sauti ya pili, na kila wimbo aliingia mapema. Nikimwambia asubiri mkono wangu, ananijibu, "Wimbo unaniita, baba." Mwenye masikio angeelewa hapo hapo. Mimi sikuelewa.

Tulipojiandaa kwa mashindano ya kwaya, nilimwondoa. Hata kumwita pembeni sikumwita. Nilimwambia mbele ya wote, "Shangazi, wewe sasa ubaki kutuombea." Wenzake wakaangua kicheko. Alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi. Tulishika nafasi ya nne, na nilijivuna nayo. Tangu siku hiyo alikaa viti vya nyuma, na hata kwenye nyimbo za waumini wote hakufungua mdomo. Nilidhani ananuna, nikamwacha miaka mingi.

Mwaka jana mzee mmoja alikuja kutoka Butimba akiulizia nyumbani kwa Shangazi. Ndiye aliyepiga gitaa kwenye wimbo ule, na katika bendi nzima ndiye pekee aliyebaki hai. Alipoketi, kabla hata ya salamu, aligonga vidole mezani kwa mdundo ule, akamwuliza, "Na leo utaniwahi?" Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mgeni alipoondoka nilipiga magoti. Nilimwambia nimekosa, arudi kwaya, akae mbele, aingie popote anapotaka.

"Nilishakusamehe zamani, baba," alisema.

Nikamwomba basi aniimbie kile kiitikio, mara moja tu. Alikaa vizuri, akavuta pumzi. Ikatoka sauti ya kukwaruza, kisha kikohozi kirefu. Alikunywa chai, akafuta midomo kwa upindo wa kanga.

"Imekwisha," alisema. "Ungeniomba miaka ile nakaa viti vya nyuma. Ilikuwepo bado."